Kijana aliyeona vizuri jioni: uchambuzi wa kisa kimoja cha deksa machoni

Kilichomleta bibi kliniki ni dagaa wa jirani. Mjukuu wake, kijana wa miaka 13, alikuwa amewakanyaga mara tatu ndani ya wiki moja pale mwaloni Igombe, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, na kila mara ni wale walioanikwa upande wake wa kushoto. Jirani akasema mtoto hana adabu. Mwalimu wa darasa la sita naye alikwisha kulalamika kwamba kijana akiulizwa kilichoandikwa ubaoni anabahatisha tu. Bibi amemlea mtoto huyu tangu anaanza kutambaa, na hakukubali kwamba adabu inaweza kumtoka mtu upande mmoja wa mwili ikabaki upande wa pili. Akafunga nauli kwenye pindo la kanga, wakapanda daladala ya alfajiri kuja mjini.

Nawatibu watu macho hapa Mwanza, na kisa hiki nimekaa nacho muda mrefu kabla ya kukiandika. Bibi ameridhia kiandikwe. Majina nimeyaacha.

"Shikamoo daktari," kijana alisema, uso ameugeuza kidogo kushoto kana kwamba anamsalimia mtu aliyesimama kando yangu. Nikaitikia, nikampa bibi shikamoo yake.

"Marahaba mwanangu. Huyu macho yake yananichanganya. Mchana haoni, jioni anaona."

Tumezoea kusikia kinyume chake. Mtoto asiyeona magharibi ikiingia, anayejikwaa kwenye vigoda, tunamfikiria upungufu wa vitamini A. Mtoto anayeona vizuri jua likizama ni habari nyingine kabisa, na ukishaijua sababu yake huwezi kuisikia kauli hiyo bila kushtuka. Nikamuuliza bibi mjukuu anatumia dawa gani.

"Hana dawa yoyote. Ana matone yake tu ya muwasho."

Akafungua fundo jingine la kanga, akatoa kichupa cha mililita 5. Deksamethasoni ya asilimia 0.1 iliyochanganywa na antibayotiki. Ndiyo ile ambayo watu wengi huiita deksa tu. Anaitumia tangu lini? Bibi akahesabu kwa misimu ya mvua. Ilikuwa miezi 14. Mara ngapi kwa siku? Mara nne, macho yote mawili, na zaidi siku zile vijidudu vya ziwani vinapopanda hewani kama moshi na kumwagika ufukweni. Kichupa cha namna ile kina matone kama mia moja. Matone manane kwa siku yanakimaliza katika wiki mbili hivi, na bibi mwenyewe alithibitisha: vichupa viwili kila mwezi, hela ya dagaa.

Mwanzo wa habari hii hauna mtu mbaya. Kijana alianza kuwashwa macho akiwa na miaka sita. Macho mekundu, mazito, tongo nyeupe zinazovutika kama uzi, na mikono isiyotulia usoni. Ni aleji ya macho inayowashika zaidi watoto wa kiume katika nchi zenye joto, na vumbi la ufukweni linaichochea. Miaka ilipita kwa maji baridi na kuvumilia. Kisha zahanati moja ikamwandikia deksa ya siku saba, na kwa siku saba mtoto akalala usingizi bila kujikuna. Muwasho uliporudi, bibi alifanya ambalo mlezi yeyote angefanya: alipeleka kichupa kitupu duka la dawa akaomba kama kile. Akapewa. Aliyemuuzia alimpa kwa huruma, maana alimwona mtoto anavyoteseka. Lakini katika miezi yote 14 hakuna aliyepima presha ya macho yale, wala aliyemwambia bibi kwamba inapaswa kupimwa.

Nikampima. Jicho la kulia lilisoma 6/18, yaani anachokiona mwenye macho mazima kutoka mita 18, yeye anakiona akisogea hadi mita 6. La kushoto halikusoma herufi hata moja. Alihesabu vidole vyangu kwa mita mbili, tena kwa kuvitafuta. Presha ya jicho kwa kawaida hukaa kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki. Yake ilikuwa 34 kulia na 42 kushoto. Nilirudia kipimo cha kushoto mara mbili nikitumaini kwamba alikuwa amekaza kope. Hakuwa amekaza.

Kwa darubini, ukingo wa kioo cha jicho ulikuwa na vidoti vyeupe vya aleji, vichache, vimetulia. Deksa ilikuwa imefanya kazi yake. Pembe ambayo maji ya jicho hutokea ilikuwa wazi kabisa, haikuzibwa na kitu kinachoonekana. Nyuma ya lenzi, katikati, palikuwa na ukungu kama chumvi iliyokauka, mkubwa zaidi upande wa kushoto. Na kichwa cha neva ya jicho la kushoto, ile inayopeleka picha ubongoni, kilikuwa kimechimbika hadi karibu na ukingo. Hapo ndipo zilipokuwa zimekwenda zile hatua zilizokanyaga dagaa wa jirani: sehemu kubwa ya uwanja wa kuona wa upande huo ilikuwa haipo tena.

Sasa nieleze dawa ilivyofanya haya, maana wazazi wengi nikiwaambia "deksa inaharibu macho" wanaelewa kwamba ni sumu inayounguza. Si hivyo, na kutoelewa hapa ndiko kunakowafanya waiamini: hawaoni mahali palipoungua.

Mbele ya jicho kuna maji yanayotengenezwa muda wote, kama mikrolita mbili na nusu kila dakika. Chumba kinachoyapokea ni kidogo sana, robo ya mililita, kwa hiyo maji yote hubadilika kila baada ya saa moja na nusu au mbili. Maji haya ndiyo chakula. Lenzi haina mshipa wa damu hata mmoja, na kioo cha mbele vilevile, maana mishipa ingezuia mwanga. Sukari yao inaletwa na maji haya na taka zao zinaondoka nayo. Yanatoka kupitia chujio laini lililo pembeni, kwenye kona ya kioo na duara lenye rangi linaloizunguka mboni. Chujio hilo ni hai. Seli zake hufanya kazi ya wafagiaji: humeza chembe zilizokwama, huvunja nyuzi za zamani, huweka mpya.

Deksa inaingia ndani ya seli, inashikana na kipokezi chake, kisha vyote viwili vinaingia kwenye kiini na kubadilisha ni jeni zipi zisomwe na zipi zinyamazishwe. Kwenye ngozi nyororo ya jicho inayowasha, maana yake ni nafuu: amri za kutengeneza kemikali za uvimbe zinafungwa, seli za aleji zinatawanyika, wekundu unaondoka. Ila deksa haichagui seli ya kuingia. Ikifika kwenye chujio inakuta vipokezi vilevile, na huko amri inayotoka ni ya kujenga. Seli zinamwaga protini za nyuzi, fibronektini na kolajeni, nyingi kuliko kawaida, na protini iitwayo mayosilini inaongezeka mno. Vimeng'enya vya kuvunja nyuzi za zamani vinapungua. Kiunzi cha ndani cha seli kinakakamaa, na mfagiaji anaacha kufagia. Chujio halijajeruhiwa popote, limejaa tu.

Ndiyo maana presha haipandi siku ile ile. Inapanda baada ya wiki, mara nyingi kati ya wiki mbili na sita, kwa sababu kujenga kunataka muda. Dozi ya siku saba ya zahanati haikumdhuru kijana huyu, na nafuu aliyoipata wiki ile ilikuwa ya kweli. Shida ilianza pale nafuu ilipochukuliwa kuwa ushahidi kwamba dawa ni salama kwa mwezi wa pili, na wa tano, na wa kumi. Na jicho ambalo presha yake inapanda polepole haliumi. Laiti lingeuma, bibi angekuja mwaka uliopita.

Si kila mtu hupandishwa presha na deksa. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Marekani, Mansour Armaly na Bernard Becker, waliwawekea watu matone ya aina hii kwa wiki kadhaa wakipima. Takriban mtu mmoja kati ya ishirini alipanda sana, karibu theluthi moja walipanda kiasi, waliobaki hawakutikisika. Watoto wana mwelekeo wa kupanda haraka na juu zaidi. Na wapo ambao hatari yao ni kubwa kupita wote: walio na presha ya macho ya kurithi, na ndugu zao wa damu. Nitarudi hapo.

Lenzi ina habari yake. Kwa kuwa haina damu, hewa ya oksijeni ni haba huko ndani, na seli zake hupata nguvu hasa kwa kuvunja sukari bila oksijeni, njia ya kimaskini lakini inayotosha kwa kiungo kisichochezacheza. Nguvu hiyo ndiyo inayoendesha pampu za chumvi zinazoilinda lenzi isinywe maji, na ndiyo inayotengeneza glutathioni, ngao yake dhidi ya kutu ya kikemikali. Deksa ya muda mrefu inahusishwa na kupungua kwa ngao hiyo na kuyumba kwa pampu hizo, na zaidi ya yote na seli za juu ya lenzi kutokomaa zinavyotakiwa. Badala ya kugeuka kuwa nyuzi angavu zinahamia nyuma na kurundikana hapo katikati. Tangu 1960 madaktari wamejua kwamba mtoto wa jicho wa aina hii huwapata wanaotumia dawa za jamii ya deksa kwa muda mrefu, hata wanaozimeza kwa magonjwa ya viungo. (Mtu mzima asiyefika hata arobaini akija na ukungu huo, mimi humuuliza kwa upole kuhusu vidonge vya kunenepa. Wapo wanaomeza deksa kwa ajili ya mashavu.)

Ukungu wa katikati ndio unaoeleza jioni ya bibi. Mchana, ufukwe wa Igombe unawaka: jua, mchanga mweupe, ziwa linalorudisha mwanga wote machoni. Mboni inajifunga ikabaki tundu dogo, na tundu hilo linaangalia moja kwa moja kwenye ukungu. Jua likishuka mboni inafunguka, mwanga unapita pembeni palipo safi, na mtoto anaona. Kijana aliniambia pia kwamba usiku taa za wavuvi wa dagaa ziwani zina pete za rangi. Alidhani kila mtu anaziona hivyo.

Neva ndiyo iliyoniumiza zaidi. Ina nyuzi takriban milioni moja, na kila uzi unadai nishati kwa wingi, hasa pale unapopinda kutoka jichoni, ambapo mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zimejaa kuliko sehemu nyingine ya uzi huo. Presha ikizidi, usafirishaji wa vitu ndani ya uzi unakwama palepale na uzi unakufa kwa njaa. Hauoti tena. Aleji yenyewe, kwa watoto wengi, hufifia ikifika balehe au baadaye kidogo. Kijana huyu ana miaka 13. Muwasho ulikuwa njiani kuondoka.

Tulisimamisha deksa siku ile ile na kuweka badala yake matone ya aleji yasiyopandisha presha, kromoglikati, pamoja na kitambaa cha maji baridi. Kushusha presha kulinifanya nisite kidogo. Dawa iliyo karibu na mkono ni timololi, ya bei nafuu na nzuri. Lakini mwenye aleji ya macho mara nyingi ana aleji ya kifua pia, na tone la jichoni huteremka puani likafika kwenye mapafu. Nikamuuliza bibi kama mtoto hukohoa usiku. "Wakati wa vumbi anabanwa mpaka anakaa kitako kitandani." Timololi ikaondoka mezani. Akapata matone mengine ya kushusha presha, latanoprosti, na kwa wiki chache vidonge vya asetazolamidi.

Asetazolamidi inazuia kimeng'enya ambacho mwili hukitumia kugeuza hewa ya ukaa kuwa bikaboneti, na jicho hulitegemea badiliko hilo kutengeneza maji yake. Kimeng'enya kisipofanya kazi, bomba linapungua. Nilimwonya kuhusu ganzi ya vidole na kukojoa mara kwa mara, nikasahau jambo moja. Aliporudi wiki iliyofuata alikuwa na malalamiko mazito: dereva wa daladala alimnunulia soda na soda ile ilikuwa imeharibika, na ya siku iliyofuata pia. Ulimi nao hutumia kimeng'enya hicho kuonja gesi. Nilimweleza kwamba soda ni nzima na ulimi ni mzima, na kwamba ladha itarudi vidonge vikiisha. Alifurahi kuliko alivyofurahia namba za presha.

Namba zenyewe: baada ya wiki tano jicho la kulia lilishuka hadi 17 na likabaki hapo hata vidonge vilipokoma. La kushoto liligoma kwenye 29. Mtu akiacha deksa baada ya wiki chache presha kwa kawaida hurudi mahali pake ndani ya siku au wiki. Baada ya mwaka na zaidi, chujio wakati mwingine limejaa moja kwa moja. Tukamfanyia upasuaji, kufungua njia mpya ya maji chini ya ngozi nyororo iliyofichwa na kope la juu.

Siku ya pili baada ya upasuaji nilimkabidhi bibi matone ya kutumia nyumbani. Anajua kusoma kidogo, lakini kichupa alikitambua kwa umbo. Akaniuliza ni dawa gani. Nikamwambia ukweli: ni prednisoloni, ndugu yake deksa.

"Daktari, dawa ile ile?"

"Ndiyo bibi. Jamii ile ile."

Alikirudisha mezani. Hakupandisha sauti, alikisukuma tu kwa kidole kimoja hadi kikagusa mkono wangu. Nakiri kwamba sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu alikuwa na haki. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimemweleza namna dawa hizi zilivyomnyang'anya mjukuu wake upande mzima wa dunia, na sasa nilikuwa namtaka azidondoshe tena kwa mkono wake mwenyewe. Nikavuta karatasi nikachora. Huu ndio mlango wa zamani uliojaa; huu ndio mpya tuliofungua jana. Mwili unauona mlango mpya kama kidonda na unataka kuuziba kwa kovu. Prednisoloni inauzuia mwili usifanye hivyo. Maji sasa hayapiti tena kwenye chujio lile, na nitapima kila wiki, na tutapunguza tone kwa tone hadi tuache. Jicho la kulia halitaguswa nalo kabisa.

Bibi aliangalia mchoro muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo nilitamani angefundishwa na mtu miezi 14 kabla: "Tunaacha lini?" Nikamwandikia tarehe. Aliikunja karatasi ikaingia kwenye fundo la kanga lililokuwa na kichupa cha kwanza.

Dawa hizi si adui, na siandiki ili mtu azitupe. Ugunduzi wa kotisoni, dawa ya jamii hii hii, uliwapa watafiti Hench, Kendall na Reichstein Tuzo ya Nobel mwaka 1950, na ilistahili. Mwaka 2020 deksa ndiyo iliyopunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa wakihitaji oksijeni. Ninazitumia kila wiki na kuna macho yasingepona bila hizo. Ninachokitaka ni kidogo: anayezidi wiki mbili kwenye matone haya apimwe presha ya macho, na arudie kupimwa kadiri anavyoendelea. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache.

Nilisema nitarudi kwenye habari ya damu. Siku ya kwanza nilimuuliza bibi kama ukoo una mtu aliyepofuka. Akasema kaka yake, na mama yake uzeeni, "lakini hao ni uzee tu." Nikamwomba akae kwenye kiti cha mjukuu. Alicheka, akasema yeye hajaja kutibiwa. Presha yake ilikuwa 28 na 30. Yeye mwenyewe hajawahi kutumia deksa maishani. Kichwa cha neva kilikuwa kimeanza kuchimbika pande zote mbili, bado mapema, bado pana nafasi ya kuokoa. Nilipomuuliza kama hujigonga, akasema siku hizi milango ya nyumba yake imekuwa myembamba.

Kijana sasa anakaa dawati la mbele. Kushoto presha ni 13. Lenzi yake tutaitoa jicho likishatulia vizuri, na bibi anajua kwamba hata hapo neva iliyokufa haitarudi. Kulia anasoma 6/9. Amejifunza kugeuza shingo kabla ya kuvuka barabara, na jirani amemsamehe dagaa wake. Wanakuja pamoja kila baada ya miezi mitatu, kwa daladala ile ile ya alfajiri. Bibi yeye kifua chake ni kizima, kwa hiyo anatumia timololi, ambayo mjukuu haruhusiwi kuigusa. Amefunga uzi mweusi shingoni mwa kichupa chake ili gizani vidole vyake visikosee.